Nimepiga hesabu ya utajiri wa Psyche, nikakuta bei ya chuma chakavu

Saa tano na kitu usiku, taa nishazima, simu ikatetemeka. Voisi ya mtoto wa dada yangu. Ana miaka 13, na kwa vile alikuwa ananong'ona nilijua huko aliko alitakiwa awe amelala zamani.

"Anko, fungua kikokotoo. Andika moja, weka sufuri kumi na tisa, alafu gawanya kwa watu wote duniani."

Nikaandika huku nahesabu sufuri kwa kidole, nikagawanya kwa bilioni 8. Skrini ikanitolea 1.25e9. Kabla sijatafsiri hiyo e, voisi ya pili ikaingia: yaani kila mtu dola bilioni moja na robo, hadi mtoto aliyezaliwa leo, sasa kwa nini watu bado wanahangaika na Psyche, ile asteroidi ya chuma wanayosema ina thamani ya dola zote hizo, ipo pale pale inazunguka?

Nikamwambia alale.

Yeye sijui kama alilala, mi ndo sikulala. Na siyo usiku ule tu, wiki tatu nzima hii kitu imekaa kichwani kama mwiba mdogo ambao huuoni ila ukikanyaga unausikia. Maana kuna jambo sikumwambia. Habari za Psyche, hilo bonge dogo kuliko sayari linalozunguka Jua, aliambiwa na mimi, na nilichomwambia nilikisema kwa kujiamini kuliko nilivyokuwa na haki.

## Tuanze na hela, tumalizane nayo

Utaona watu wengi wakiiongelea Psyche hawasemi hata chuma, wanasema dhahabu, na picha wanazoweka zinang'aa kama pete kwa sonara. Hakuna aliyewahi kuipiga picha kwa karibu. Zile zote ni michoro.

Ile namba yenyewe ukiifuata hadi inakotoka unafika kwa Lindy Elkins-Tanton, mwanasayansi anayeongoza msafara wa NASA wa kwenda huko, wakati huo akiwa Arizona State University. Mwaka 2017 alikadiria chuma cha Psyche kingekuwa na thamani gani kama kingeuzwa kwa bei za hapa duniani, na hakuficha kwamba ni kujifurahisha tu, hakuna mpango wa kukileta. Namba ikasafiri, maelezo yakaachwa kituoni.

Basi nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kukifanya siku ya kwanza. Nikachukua zile dola zote nikazigawanya kwa uzito wa Psyche wenyewe, ambao unakadiriwa kuwa kilo 23 ikifuatwa na sufuri 18. Jibu likaja 0.43.

Senti 43 kwa kilo.

Nilicheka peke yangu gizani. Utajiri wote ule unaotikisa dunia ni bei ya mizani, bei ya yule anayepokea mabati yaliyotoboka na rimu za baiskeli, ni vile tu mzigo ni mkubwa. Hakuna siri ya dhahabu humo, kuna kuzidisha.

Na hata hiyo senti 43 ni ya dunia ambayo chuma kinachimbwa kwa jasho. Mwaka 1884 Wamarekani walipomalizia ule mnara wa Washington waliuwekea ncha ya alumini, kwa sababu alumini enzi hizo ilikuwa madini ya kifahari, bei yake ikikaribiana na ya fedha. Miaka miwili baadaye ikagunduliwa njia ya kuizalisha kwa umeme. Leo unakunywa soda kwenye kopo lake na kulitupa bila kulitazama mara mbili. Kitu kikijaa, bei inaanguka, huhitaji digrii ya uchumi.

Halafu usafiri. Chombo cha OSIRIS-REx kilienda kwenye asteroidi ya Bennu kikarudi na mzigo mwaka 2023, msafara wa zaidi ya dola bilioni moja, na mzigo wenyewe ulikuwa gramu 121.6. Gramu. Bennu inapita jirani na Dunia, Psyche iko huko katikati ya Mirihi na Mshtarii, karibu mara 3 ya umbali wetu na Jua. Fanya mwenyewe hesabu ya nauli.

Hela nikaizika hapo. Mwiba haukutoka.

## Nilichomwambia mtoto

Mwaka jana aliniuliza katikati ya Dunia kuna nini. Nikamwambia chuma na nikeli, kwa joto la kutisha. Akauliza nani ameona. Nikamwambia hakuna, hatuwezi, shimo refu kuliko yote ambayo binadamu amechimba lilichimbwa kule Kola, Urusi, likaishia mita 12,262, wakati kiini kinaanzia kama kilomita 2,900 chini. Hatujafika hata nusu asilimia ya njia.

Nikaona amenyong'onyea. Nikataka kumpa kitu.

Ndo nikamwambia: lakini kuna sehemu moja angani kiini cha sayari kimekaa nje, uchi, kinazunguka Jua. Kinaitwa Psyche. Zamani sana kulikuwa na sayari changa, ndani imeyeyuka, chuma kikazama katikati na mawe yakaelea juu, kisha ikagongwa na kugongwa na kugongwa tena mpaka mawe yote yakabanduka, kikabaki kile cha ndani. Macho yalimtoka. Nikajiona mwalimu.

Sikusema "huenda". Sikusema "wengine wanadhani".

Na mi nilikuwa nimesoma kwamba kuna "huenda". Niliiruka kwa sababu inaharibu hadithi.

## Chupa ya lita moja

Shida ya ile hadithi ni ndogo na inaingia kwenye chupa. Chukua chupa ya lita moja ujaze maji, kilo 1. Chupa hiyo hiyo ungeijaza jiwe la kawaida, kama kilo 3. Ijaze chuma, karibu kilo 8. Sasa ijaze Psyche.

Kama kilo 4.

Hapo ndo penye mgogoro wote. Ni nzito mno kuwa jiwe tupu na ni nyepesi mno kuwa chuma kitupu. Kama ni chuma, basi karibu nusu yake ni uwazi, mapengo, lundo la vyuma vilivyorundikana bila kushikana vizuri. Na kama haina mapengo mengi kiasi hicho, basi mawe yamo, tena siyo kidogo. Siku hizi makadirio ambayo NASA wenyewe wanayataja ni kwamba chuma ni asilimia 30 hadi 60 ya ujazo wake.

Unaweza kuuliza, na mi niliuliza, hivi hiyo 4 tunaiamini kwa kiasi gani? Hakuna aliyeipandisha Psyche kwenye mizani. Uzito wake unapatikana kwa kuangalia asteroidi nyingine zikipita karibu nayo zinavutwa kiasi gani kutoka kwenye njia zao, mvuto mdogo sana, unafuatiliwa miaka na miaka. Ukubwa wake unapatikana kwa rada, kwa darubini kubwa, na kwa ile njia ninayoipenda kuliko zote: watu wanakaa sehemu tofauti wanatazama nyota moja, Psyche inapita mbele yake, nyota inazimika sekunde kadhaa na kuwaka tena, na kila mmoja anaandika muda wake. Ukikusanya mizimiko yote unapata kivuli, na kivuli kinakupa umbo. Wamepata kitu chenye sura ya kiazi kilichominywa, kilomita 278 kwa 238 kwa 171.

Sasa ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, ujazo unaukosea kwa karibu asilimia 30, maana kwenye ujazo unazidisha urefu, upana na kimo. Ndo maana kwa miaka mingi makadirio ya uzito wa lita ya Psyche yalikuwa yanarukaruka, mara yanaelekea jiwe, mara yanaelekea chuma. Zile za karibu na chuma ndo zilizozaa hadithi yangu. Vipimo vikanoga, vikatulia kwenye 4, hadithi yangu ikabaki inaning'inia.

Niliumia kidogo, nisidanganye. Mtu anaweza kuumia kwa ajili ya jiwe ambalo hatakaa aliguse.

## Kipande nilichowahi kushika

Miaka ya nyuma kwenye maonyesho fulani ya sayansi kuna mzee aliniwekea mkononi kipande cha kimondo cha chuma. Kikubwa kama pakiti ya karata, kimekatwa bapa. Mkono ulishuka kabla sijajiandaa, macho yalikuwa yameuambia mkono uzito mwingine kabisa. Upande mmoja umesuguliwa hadi unaakisi taa, na ndani ya ule mng'ao kuna mistari. Mingi, imenyooka, inakatizana kwa pembe zile zile, kama mkeka uliosukwa na mtu asiyekosea. Nikamuuliza nani kachora. Akasema hakuna aliyechora, wao wamepaka asidi tu, na asidi imekula sehemu zenye nikeli kidogo ikaacha zenye nikeli nyingi zimesimama.

Ile mistari ni fuwele. Aina mbili za mchanganyiko wa chuma na nikeli zilizojitenga taratibu wakati chuma kinapoa, na taratibu yenyewe ni ya kupoa kwa muda unaohesabiwa kwa mamilioni ya miaka, kikiwa kimefunikwa kama na blanketi nzito. Huwezi kuitengeneza kiwandani hivyo, hakuna tanuru linalosubiri muda huo.

Ndo maana siwezi kusema hadithi nzima ni uongo. Vyuma vya namna hiyo vimetuangukia, vipo, unavishika, na aina zake ni nyingi, kuonyesha vimetoka kwenye miili mingi tofauti iliyoyeyuka na kupasuka. Viini vilivyovunjika vilikuwepo. Swali ni kama Psyche ni kimojawapo au ni kitu kingine ambacho tumekivalisha nguo ya kiini kwa sababu tunatamani sana kukiona.

## Volkano za chuma

Hapa ndo mambo yalipogeuka kwangu, nikiwa nasoma nikiwa nimeshakata tamaa.

Kuna wanasayansi ambao mwaka 2019 na 2020 waliuliza hivi: tuseme huo mwili una mawe kwa nje na chuma kilichoyeyuka ndani. Unapoa. Ganda linabana. Chuma cha ndani kinakosa pa kwenda, kinatafuta ufa, kinapanda kupitia mawe na kumwagika juu. Volkano, ila badala ya lava ya mawe inatema chuma. Ukiiangalia kwa rada kutoka mbali utaona madoa yanayong'aa kama chuma na pembeni yake sehemu zinazofanana na jiwe la kawaida tu.

Na rada inaonyesha madoa! Kuna sehemu za Psyche zinazorudisha mawimbi kwa nguvu sana na sehemu nyingine za kawaida kabisa. Haithibitishi volkano, madoa yanaweza kuwa na sababu nyingine, ila nilikaa kitandani nikaitafakari ile picha, chuma chekundu kinamwagika kwenye giza mahali ambapo mvuto ni mdogo mpaka mtu wa kilo 70 angejisikia kama ana kilo 1, kinasambaa polepole na kuganda. Hadithi ya kiini uchi niliyokuwa naililia ikaanza kuonekana ya kawaida.

Halafu kuna kutu. Hili nalo lilinichanganya. Mwaka 2024 watafiti waliotumia darubini ya James Webb waliripoti dalili za haidroksili juu ya Psyche, yaani oksijeni na haidrojeni zimeshikana, ndugu wa karibu wa maji, na maji yakikutana na chuma ndo kutu. Kwenye kitu tulichodhani kimetoka katikati ya tanuru! Inawezekana ililetwa na asteroidi zenye maji zilizoigonga baadaye, na inawezekana pia imekuwemo tangu zamani, na kama ni hili la pili basi Psyche haikuyeyuka vile tulivyodhani, na huenda ilizaliwa mbali zaidi ya hapo ilipo ikahamia. Yaani kitu kimoja, ushahidi mchache, na kila kipande cha ushahidi kinavuta upande wake.

Na imekuwa hivi tangu zamani. Annibale de Gasparis aliiona kule Naples Machi 1852, ya 16 kwenye orodha ya asteroidi, na kwa zaidi ya karne nzima ilikuwa nukta. Leo picha nzuri kuliko zote tulizonazo ni bonge lenye ukungu.

## Kinachoenda kuulizwa

Chombo nacho kinaitwa Psyche, kiliondoka Oktoba 13, 2023, baada ya kuchelewa mwaka mzima kwa sababu programu zake hazikuwa tayari kwa wakati. Watu wengi wanakikumbuka kwa yule paka wa rangi ya chungwa, Taters, ambaye video yake ilitumwa kwa leza kutoka kilomita milioni 31, ikachukua sekunde 101 kufika, na paka mwenyewe kwenye video anafukuza nukta ya leza. Nzuri, tucheke, tuendelee.

Kamera zake ndo kila mtu anazisubiri. Mi nasubiri vitu viwili vingine.

Cha kwanza kinasikiliza miale ya gama, mwanga wenye nguvu sana ambao jicho haliuoni. Chembe za kutoka anga la mbali zinaigonga Psyche kila saa bila kupumzika, na kila atomu inayogongwa inatoa mwale wenye sahihi yake, chuma yake, nikeli yake. Kaa juu yake wiki kadhaa, kusanya sahihi, utajua nikeli ni kiasi gani. Nikeli inaenda na chuma kinapozama kwenda katikati, kwa hiyo kiasi chake kinasema kama chuma kile kimewahi kuwa sehemu ya kiini au hakijawahi.

Cha pili ni kipima sumaku. Kiini kilichoyeyuka kikiwa kinazunguka kinaweza kutengeneza sumaku, kama hiki chetu, na kikiganda vizuri kumbukumbu ya ile sumaku inabaki imefungiwa ndani. Kwa hiyo chombo kitafika, kitaanza kuzunguka, na watu watakaa wanaangalia mstari kwenye skrini. Ukipanda, Psyche ni sumaku, ilikuwa na moyo uliochemka. Usipopanda... mawe yaliyovunjikavunjika na kupangika upya nayo yangeifuta hiyo kumbukumbu, kwa hiyo hata ukimya hautakuwa jibu kamili.

Nampenda mtu aliyekubali kusubiri miaka sita ili asikilize kitu ambacho huenda kitanyamaza.

## Karatasi tano

Jumamosi iliyopita nikampigia yule mtoto. Nikamwambia nilikudanganya kidogo. Akasema kuhusu hela? Nikasema hela nayo, ila kubwa ni kile kiini. Nikamweleza chupa ya lita moja, nikamweleza volkano, nikamweleza kwamba hadi Agosti 2029, chombo kitakapofika, hakuna mtu yeyote duniani anayejua Psyche ni nini, wakiwemo waliotuma chombo.

Kimya.

Nikadhani nimempoteza. Kumbe alikuwa anahesabu miaka. "Si nitakuwa nishakuwa mkubwa? Kwa nini wasikimbize?"

Hapo nikaona swali ambalo jibu lake nalijua kweli, nisiliharibu. Nikamwambia kile chombo hakina moto ule wa roketi, ile roketi ilikitoa tu duniani. Kinatumia gesi ya zenoni, kilibeba zaidi ya tani moja, injini inaichaji kwa umeme wa jua na kuitupa nyuma kwa kasi kubwa, inatoka na mwanga wa bluu. Inasukuma kidogo kidogo, ila haichoki, inasukuma miezi na miezi. Aprili 2025 ilisimama, mgandamizo wa gesi ulishuka kwenye bomba, ikabidi wahamie bomba la akiba, Juni ikaanza tena. Kwenye ratiba yake kuna kupita kando ya Mirihi Mei 2026 ili ivutwe na kurushwa mbele, maana peke yake haitoshi.

"Inasukuma kiasi gani?"

Namba ninayo, milinyutoni 240, lakini milinyutoni ni nini kwa mtu. Nikageuza uzito, ikaja kama gramu 24. Karatasi moja ya A4 ni gramu 5.

Nikamwambia tafuta karatasi tano, zikunje, ziweke kwenye kiganja, nyoosha mkono. Huo uzito unaousikia ndo unaosukuma chombo cha zaidi ya tani mbili kilomita bilioni 3.6.

Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake. Baada ya dakika mbili ikaja picha. Kiganja, karatasi tano zimekunjwa vibaya, ya juu ina hesabu za shule zilizowekewa alama nyekundu. Chini yake ameandika:

"Anko mbona sisikii kitu"